Mjalidi na Mulhidi

Nyinyi vijana mnaopita na kitabu kwapani, jina lake likitazama nje ili watu walisome, msidhani nakuchekeni. Nakujueni tu. Nami nilipita hivyo hivyo, tena katika vichochoro vyembamba zaidi, ambamo mtu hawezi kukupita bila ya kuliona jina la kitabu chako.

Kazi yangu ilikuwa kujalidi vitabu, yaani kuvishona na kuvitia majalada. Na nikuambieni jambo ambalo wajalidi wote wanalijua na hawalisemi: kitabu hakina siri kwa fundi. Kilichosomwa hufunguka chenyewe pale msomaji alipopapenda. Pembe za kurasa zake huwa laini kama sikio la mbuzi, na ndani yake utakuta chembe ya haluwa, unywele, tikiti ya gari la shamba. Kisichosomwa kinalia ukikifungua, krrr, kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Mwenyewe atakuja kukuhadithia mambo makubwa yaliyomo, nawe unaitika naam, naam, huku kidole chako kinapita juu ya mgongo mgumu ambao haujapata kukunjika hata mara moja.

Sasa nina miaka arobaini na ushei, na kazi hiyo niliiacha zamani. Haikunishinda, ni miguu yangu isiyojua kutulia. Nimekaa Tanga, nimekaa Mombasa, nimekaa Lamu, nikarudi Unguja, nikaondoka tena. Lakini popote nilipo, nikiisikia harufu ya gundi ya unga wa ngano inayopikwa, najikuta nimesimama mlangoni mwa Maalim Shaibu, nyuma ya Mchangani, nina miaka ishirini na kalamu tatu mfukoni mwa shati.

Maalim Shaibu alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kujalidia. Alinipokea nilipomaliza masomo ya sekondari na kukosa kazi ya ukarani niliyokuwa naitaka. Siku ya kwanza alinifundisha gundi, na hata leo nikiamshwa usingizini naweza kuipika: unga wa ngano, maji ya baridi kwanza ndipo ya moto, moto mdogo, koroga upande mmoja mpaka ianguke kwenye kijiko kama uji mzito. Kisha mrututu kidogo, ule wa buluu, uliosagwa. Mrututu ndio sumu ya wadudu. Mimi wiki ya pili niliusahau. Mende wakaja, wakala mgongo mzima wa kitabu cha bwana mmoja wakabakisha nyuzi tu.

Maalim akakinyanyua kitabu kile, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Makame," alisema, "wageni wako wamekula, wameshiba. Hawakuacha salamu?"

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Nilikaa naye miaka minane, sikumbuki alinyanyua sauti.

Alikuwa na swali moja la kila asubuhi, kabla hatujagusa msahafu wowote: "Una udhu?" Nami nilijibu, "Nnao." Basi. Hakupata kunitazama miguu kama imeroa. Misahafu ilikaa rafu ya juu kabisa, peke yake, na haikuwekewa kitu juu yake, hata sindano. Vipande vya kurasa zilizochakaa mno havikutupwa. Vilitiwa mfuko wa kaniki, na ukijaa Maalim aliuchukua mwenyewe akauzike pahala pasipopitwa na miguu. Mimi nilisaidia tu: nilishika, nilipitisha nta kwenye uzi, nilikaza shinikizo la kubania vitabu. Kuujalidi msahafu peke yako, tangu kushona hadi ngozi, hiyo ndiyo ilikuwa hati ya ufundi pale dukani. Hapakuwa na karatasi wala muhuri. Ukishaukabidhi msahafu wa kwanza kwa mwenyewe, Maalim huanza kukuita Fundi mbele za watu. Nilikuwa nimengoja neno hilo miaka mitatu.

Mwaka wa tatu akaja Bi Mwanakombo, mwanamke wa Kizimkazi, mtu mzima, na msahafu umefungwa ndani ya kanga mbili. Uliandikwa kwa mkono na baba yake. Nyuzi zilikuwa zimekatika zote, kurasa zimechanganyika kama karata.

"Nataka nimwachie mjukuu wangu," alisema. "Lakini si hivi. Hivi ntakuwa namwachia upepo."

Alipoondoka Maalim akanigeukia. "Huu wako. Tumalize kazi za shule, wiki ya mbele uuanze. Mwanzo mwisho, mimi sitii mkono."

Sikulala kwa furaha. Sasa ngojeni nikuambieni nilivyokaribia kuipoteza nafasi hiyo.

Palikuwa na kijana mmoja, Nassor, karani wa ofisi moja ya serikali, mkubwa kwangu kwa miaka mitano hivi. Viatu vyake viling'aa, Kiingereza chake kilikwenda bila ya kujikwaa, na kila jioni alikaa barazani kwa Mzee Ubwa, fundi cherehani, akieleza mambo. Alikuwa akiagizia vitabu kutoka Ulaya, vya jalada la karatasi, akatuletea tuvitie ngozi na herufi za dhahabu mgongoni. Kuhusu herufi hizo alikuwa mkali sana. "Ziwe kubwa," alisema. "Zionekane na mtu aliye upande wa pili wa njia."

Vitabu vingine vya zamani vya Ulaya vilikuja na kurasa zimeshikana kwa juu, kama bahasha isiyofunguliwa. Karatasi ilikunjwa, haikukatwa. Msomaji ndiye aliyetakiwa azipasue kwa kisu kila anapofika. Miezi michache kabla ya kuja Bi Mwanakombo, Nassor alileta kimoja cha namna hiyo, kinene, cha mwanafalsafa aliyekuwa akipinga kwamba Mungu yupo. Maalim akamuuliza kwa adabu, "Bwana Nassor, tukukatie hizi kurasa?"

"Ziache, Maalim. Ntazikata mwenyewe nikiwa nasoma. Ndivyo wanavyofanya wasomi wenyewe."

"Haya, bwana."

Maalim alikuwa anajua kile kitabu kinasema nini, maana Nassor alimweleza, tena kwa sauti. Hata hivyo alinipa mimi nikijalidi, akachagua ngozi nzuri.

Hapa pana kosa langu, na ni kosa ambalo fundi wa Ulaya asingeweza kulifanya. Wiki ile nzima nilikuwa najalidi vitabu vya Kiarabu, vya chuo cha Kurani, ambavyo mwanzo wake uko kule ambako kitabu cha Kiingereza kina mwisho. Mkono ukishazoea hauulizi. Nilipofika kukitia kitabu cha Nassor ndani ya jalada lake, tayari lina herufi za dhahabu, mkono wangu ukatafuta ukurasa wa kwanza ukae kule ulikozoea. Na ili ukae kule, kitabu cha Kiingereza lazima ukipindue. Nikakipindua, nikapaka gundi, nikatia kwenye shinikizo. Asubuhi Nassor akakichukua. Akazitazama herufi mgongoni, akaridhika, akaondoka nacho.

Wiki mbili baadaye tuko barazani, joto kali, Nassor anajipepea kwa kile kitabu. Jalada likafunguka kidogo nikaona ndani. Maandishi yalikuwa kichwa chini, miguu juu. Nikangoja anigeukie anigombeze mbele ya watu.

Hakunigombeza. Alikifunga akaendelea kujipepea.

Wiki ikapita, mwezi ukapita. Kila jioni Nassor alikuja nacho, akakiweka gotini, akatueleza kilichomo. Nami kila jioni nilijua kwamba hajakifungua. Aibu yangu ni kwamba nilijua, na bado nilimwiga. Nilitia kalamu tatu mfukoni kwa sababu yeye alitia mbili. Nilisoma kurasa nilizokuwa nazishona, moja ya kitabu hiki, nusu ya kile, nikazisema barazani kama niliyevimaliza vyote. Na lile kosa sikumwambia Maalim. Na msahafu wa Bi Mwanakombo ulipokuja, niliona nikilitaja tu utarudi rafu ya juu.

Ile wiki niliyopangiwa niuanze, siku mbili kabla, Nassor alikuwa amechangamka barazani.

"Mwenye akili haamini asichokiona," alisema, akikipiga kitabu kofi.

Mzee Ubwa hakuinua macho kwenye cherehani. "Hiyo akili yenyewe umeiona wapi?"

Watu wakacheka. Nassor masikio yakamwiva kwa hasira, na mimi nikaona huruma, au niseme kweli, niliona nafasi. Nikasema, "Mambo haya yanataka kusoma, Mzee Ubwa. Hata mimi siku hizi ni mulhidi."

Neno hilo, yaani mtu asiyeamini Mungu, nilikuwa nimelipata siku tatu kabla katika kitabu cha Kiarabu, pembeni mwa ukurasa. Lilinipendeza lilivyokaa mdomoni. Cherehani ikasimama. Hata Nassor alinitazama kama niliyemwibia kofia.

Na wajalidi tuna ugonjwa wetu, vumbi la karatasi. Likanishika palepale. Nikapiga chafya kubwa, na kabla sijajizuia nikasema, "Alhamdulillahi!"

"Yarhamukallah, mulhidi!" alijibu Mzee Ubwa, na watu walicheka mpaka mmoja akashuka barazani akakaa chini.

Nilidhani limekwisha kwa kicheko. Lakini mji wetu ule mnaujua. Kicheko kilibaki barazani, neno likasafiri. Lilifika Kizimkazi kabla ya gari la shamba, naamini hivyo mpaka leo, kwani siku ya tatu asubuhi, nimeshatawadha, nimetandika kitambaa cheupe mezani, nimeushusha msahafu kwa mikono miwili, Bi Mwanakombo akaingia dukani na buibui lake limejaa vumbi.

"Shikamoo, Bi."

Hakuitikia. Alimtazama Maalim. "Nimekuja kuuchukua msahafu wa baba. Nimeambiwa kijana wako kasema barazani kuwa yeye ni mulhidi."

Maalim Shaibu alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya kanzu. "Mulhidi?" alisema. "Au mjalidi? Maneno yanakaribiana, Bi. Huenda masikio ya njiani yamechanganya." Kisha akanigeukia mimi. "Makame, ulisema nini? Mwambie Bi mwenyewe."

Vijana, mlango ule aliniachia wazi kabisa. Neno moja tu, mjalidi, ningelitamka lingekuwa kweli pia, maana mjalidi nilikuwa. Msahafu uko mbele yangu, mikono imeosheka, miaka mitatu nangoja. Nikafungua mdomo kulisema. Lakini Maalim alikuwa kanitazama vilevile anavyonitazama kila asubuhi anaponiuliza udhu, bila ya kuchungulia miguu yangu.

"Nilisema mulhidi, Bi," nikajibu.

Maalim akavaa miwani yake.

"Kwa nini?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Nilitaka nionekane nimesoma."

"Umesoma nini?"

"Mlango wa kwanza wa kitabu kimoja cha wasioamini, Bi. Na nusu ya wa pili. Ndizo kurasa nilizochungulia nikizishona."

Akanikazia macho. "Basi hata ukafiri wenyewe hukuumaliza?"

"Sikuumaliza, Bi."

"Kazi za vijana wa mjini hizo! Kila kitu nusu." Akaketi kwenye benchi, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Na mwingine nani anayeijua kazi hii, Maalim?"

"Mimi macho yangu yameshaanza kunidanganya kwenye herufi za mkono," alisema Maalim. "Mikono yake mizuri, Bi. Sitakuficha."

"Mikono naiona. Huo mdomo ndio wa kujalidiwa kwanza." Akavua viatu. "Ntakaa hapa hapa. Nina mdogo wangu Kiembe Samaki, ntalala kwake, asubuhi ntakuja. Akienda mrama, naondoka na msahafu wangu."

Nikawa na mwangalizi. Alikaa siku nne kwenye benchi lile, akisuka ukili wa mkeka, na kila asubuhi yeye ndiye aliyeniuliza udhu, tena yeye alichungulia miguu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzipanga kurasa. Misahafu ya mkono mingi haina nambari. Mwandishi huandika chini, pembeni, neno moja dogo, nalo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Unatafuta ukurasa unaoanza nalo. Lakini wa baba yake Bi Mwanakombo pembe nyingi zilikuwa zimeliwa, na maneno yale yamekwenda nazo. Nilifika mahali nikakwama na ukurasa mkononi, sijui nini kinafuata.

"Soma," alisema Bi.

Nikasoma mstari wa mwisho. Ukurasa ukaisha, na ulimi wangu haukusimama. Uliendelea wenyewe, kwa ile sauti ya chuoni ya kuyumba mbele na nyuma, maneno niliyoyahifadhi nikiwa na miaka minane na nikadhani nimeyaacha huko. Nikasikia neno ninalolitafuta linatoka mdomoni mwangu. Nikalitafuta mezani, nikalikuta. Tulikwenda hivyo siku mbili: jicho linakwama, ulimi unavuka. Bi Mwanakombo alinisahihisha mara tatu bila ya kuacha kusuka.

Sikuambieni kwamba nilitokwa na machozi, maana sikutokwa. Nilifurahi tu, kama mtu aliyeukuta ufunguo katika mfuko wa shati lake mwenyewe. Baadaye katika safari zangu nimekutana na watu wawili watatu wasioamini kweli. Mmoja alikuwa baharia Mombasa, aliyesoma, akafikiri, na jambo lile lilikuwa limemgharimu ndugu zake. Yule hakubeba kitabu kwapani wala hakutafuta baraza. Tulikunywa chai pamoja nikamheshimu. Mimi sikuwa kama yeye. Mimi nililipenda neno.

Siku ya nne nilimaliza ngozi. Bi Mwanakombo alivuta kila ukurasa kidogo, kuona kama umeshika. Akaufunga ndani ya kanga zake mbili. Mlangoni akageuka.

"Shikamoo yako ya siku ile," alisema. "Marahaba."

Alipokwenda nilimwambia Maalim habari ya kitabu cha Nassor. Sikuweza tena kukaa nayo. Nikamweleza nilivyokipindua, na miezi iliyopita, na kwamba nataka nende nikamwambie.

"Najua," alisema Maalim. "Nilikiona kwenye shinikizo asubuhi ile."

"Ulikiona? Mbona ulikiachia kitoke?"

"Niliona atakirudisha jioni. Kesho yake nikasema, labda ana kazi nyingi." Akacheka kwa pua. "Sasa usimwambie. Ukimwambia, unamwambia mambo mawili, na la pili litamuumiza. Mwache akifungue mwenyewe. Akija, utakijalidi upya, Fundi."

Fundi. Alilisema hivyo tu, huku anakoroga gundi. Nusura lipite.

Nassor hakuja mwezi ule wala uliofuata. Barazani alipungua maneno, maana watu sasa kila akianza walimngojea apige chafya. Mimi nilirudisha kalamu mbili nyumbani, nikabaki na moja, nayo ilikuwa inaandika.

Basi siku moja, karibu na adhuhuri, mlango ukasukumwa. Nassor, kola imefunguliwa, kitabu mkononi, na kisu kidogo cha kukatia kurasa mkono wa pili.

"Mmenijalidia nini nyinyi?" alipiga kelele. "Kitabu kiko kichwa chini! Nimekata kurasa sita nasoma nadhani nimepata wazimu!"

Nilisimama kuomba radhi. Maalim Shaibu alinitangulia. Aliacha sindano, akanyanyua viganja vyote viwili juu, uso umemng'aa kama wa mtu aliyepewa habari ya mtoto mchanga.

"Alhamdulillahi!" alisema. "Kakifungua!"

Alinitazama mimi, akamtazama Maalim, akakitazama kitabu. Nikaona anahesabu miezi. Kisha kicheko kikamtoka kwa nguvu, akalazimika kukaa kwenye benchi la Bi Mwanakombo.

"Mlikuwa mnajua," alisema akipangusa macho. "Siku zote hizi mlikuwa mnajua."

"Kosa langu, Bwana Nassor," nikasema. "Lete nikifumue."

Nikamfumulia palepale. Kadiri nilivyokata uzi na kutoa fungu la karatasi, alilichukua, akapasua kurasa zake kwa kisu chake, akaanza kusoma. Hakusoma kwa sauti. Mara moja akasema, peke yake, "Lakini hapa huyu naye kakosea," akaendelea.

Adhana ikaanza. Maalim akavaa kofia, mimi nikenda kutawadha. "Bwana Nassor, tunakwenda msikitini," nilisema. Aliinua kidole kimoja bila ya kuinua macho, yaani ningoje amalize mstari. Maalim akanivuta kanzu.

"Mwache," alininong'oneza. "Anasoma."

Tukaurudisha mlango polepole, usilie.